Bonge la Kwanza la Tope

Mtu akitaka kumjua Dwarkabai Gharat, asimtazame usoni, amtazame miguu. Kidole gumba cha mguu wake wa kulia kimepinda kwenda nje, kwa sababu kwa miaka arobaini kidole hicho ndicho kilichokuwa kikiziba mashimo ya kaa.

Hapa Pandherkhar mashamba yetu yako chini kuliko bahari. Maji yakijaa, mtu anayepalilia mpunga husikia hori, ule mkono wa bahari, likipumua juu ya kichwa chake, upande wa pili wa tuta. Na tuta lenyewe ni tope tupu, tope lililokaushwa na jua na kukanyagwa na watu waliokwisha kufa. Kaa akitoboa shimo la kidole, siku ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji yatalipata. Jioni shimo ni la ngumi, kesho yake anapita ng'ombe. Kwa hiyo kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu mtu mmoja hulitembea tuta lote, peku, akilisikiliza kwa nyayo. Zamani mtu huyo alikuwa baba yake Dwarkabai. Baada yake akawa Dwarkabai.

Mtembea tuta ndiye anayekaa na debe. Ni debe la mafuta ya taa, kuukuu, limebonyea kila upande, linaning'inia kwenye nguzo ya baraza yake. Likilia, kila nyumba hutoa mtu mmoja, iwe kuna harusi, iwe kuna maiti. Watu hujipanga mstari kutoka penye udongo mzuri mpaka penye ufa, na mabonge ya tope hupita mkono kwa mkono. Bonge la kwanza huwekwa na mwenye debe. Alipoliweka, hapo ndipo tuta litakapopita, na hakuna anayebisha. Ndivyo tulivyowakuta wazee wakifanya.

Dwarkabai aliolewa kijiji cha ng'ambo, akarudi mjane akiwa na miaka ishirini na miwili, bila mtoto, na kapu moja la nguo.  Baba yake alichukua jembe, akaenda kwenye shamba lake kubwa lililopakana na tuta la bahari, akalipasua katikati kwa kijituta kidogo: upande huu wa binti, upande ule wa mwanawe Hasuram. Alikifanya kifupi, chini ya goti, ili watoto wake wasipate kisingizio cha kutotembeleana. Wale wawili walikizoea hata wakawa hawakiangalii. Ungewaona na miganda ya mpunga kichwani, wakipiga soga, wanafika pale mguu unainuka wenyewe, wanavuka, soga inaendelea.

Hasuram ni mdogo wake kwa miaka sita. Humwita Bai, kama dada mkubwa anavyoitwa huku kwetu. Kila mvua zilipokwisha, alikuwa akilikausha dimbwi la pembe ya shamba lake na kuchagua jitada mkubwa kuliko wote, samaki yule mnene wa maji ya chumvi kidogo, akamtunga ukindu kwenye matamvua na kumpeleka kwa dada yake. Hakumpa mtu mwingine samaki wa kwanza, hata mke wake Sugandha.

"Wifi," Sugandha alikuwa akimtania, "mimi nimeolewa mwaka wa kumi na nane sasa, bado nakula mkia."

"Vumilia," Dwarkabai alimjibu. "Mimi nilimnawisha pua huyo. Wewe umempata kashasafishwa."

Kisha wakaja watu wa umeme.

Walisimamisha hema uwanjani mwa shule, wakatundika ramani. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe, walisema. Meli zitashusha makaa horini, mabomba yatavuta maji, Mumbai itawaka, na sisi tutawaka pamoja nayo. Taa za Mumbai tunaziona ng'ambo ya maji tangu tuzaliwe, wala hazijawahi kutuomba kitu. Dwarkabai alinyanyuka katikati ya wanawake.

"Mheshimiwa, jivu mtalimwaga wapi?"

"Kuna bwawa maalumu la majivu, mama."

"Litakuwa upande gani?"

Ofisa akaweka kidole kwenye ramani.

"Hapo umemwekea kidole mdogo wangu," alisema Dwarkabai. "Na kucha imenigusa mimi. Kitoe."

Tulicheka mpaka ofisa mwenyewe akacheka, ila kidole hakukitoa. Siku ya pili wapimaji walipanda vigingi vyenye rangi nyekundu. Kufika jioni kila kigingi kilikuwa kimefungwa mbuzi nyuma ya nyumba ya mtu. Walipanda vingine, nasi tulikuwa bado na mbuzi. Wanawake walikaa barabarani siku kumi na moja, wakipika mikate ya mchele palepale kwenye lami, na magari ya kampuni yakarudi yalikotoka. Tulijiona wakubwa.

Lakini kampuni haikuwa na haraka. Ilianza kwenda nyumba moja moja.

Hasuram alitia sahihi mwezi wa Februari. Alikuja kumwambia dada yake mwenyewe, mchana, akasimama nje ya baraza.

"Bai, nimechoka kunuka tope. Kiran akienda kuposa, wanamwangalia kucha. Kila nyumba inayotoa shamba inapewa kazi moja kituoni. Mwanangu atavaa viatu."

"Vya kukanyagia nini? Majivu?"

"Vya kwendea kazini kama watoto wa wenzangu."

"Baba alilibeba tope lile mgongoni mwake, Hasu."

"Ndiyo, na mgongo ukamwua." Kisha akasema neno ambalo, nadhani, angetoa shamba jingine ili alirudishe mdomoni. "Wewe huna mtoto. Hutaelewa."

Dwarkabai aliendelea kupepeta mchele. Hasuram alingoja, halafu akaondoka.

Nyumba thelathini na moja zilitia sahihi. Sisi tuliobaki tuliwatenga. Hawakualikwa harusini, hawakuombwa moto, wakipita tulikohoa. Na tukafanya jambo ambalo wazee hawakuwahi kulifanya hata kwa mwizi: tuliwatoa kwenye mstari. Tukasema, asiye na shamba hana kazi na tuta.

Julai ya mwaka ule bamvua lilikuja na upepo nyuma yake. Saa sita mchana Hasuram alifika anakimbia, tope mpaka kifuani.

"Bai! Piga debe! Kwangu pamefunguka, upana wa mlango!"

Dwarkabai alikuwa ameketi barazani. Debe lilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwenye nguzo.

"Kwako wapi? Wewe huna shamba, umeuza."

"Bai, si wakati wake huu."

"Kawaambie wenye kampuni walete mabonge. Wana magari."

"Chumvi haijui nani katia sahihi!"

"Itajifunza."

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Ambo Mokal, jirani wa Dwarkabai, mtu ambaye hajawahi kunyamaza hata msibani, alisema kwa sauti: "Debe la watu halilii kwa msaliti!" Tukacheka. Nami nilicheka. Hasuram alitutazama mmoja mmoja, sisi tuliokula kwake, akageuka akarudi peke yake na koleo lake.

Dwarkabai hakutaka kuzamisha mashamba. Aliniambia mwenyewe, miaka baadaye, tukichambua dagaa. Alitaka chumvi imuume mdogo wake siku moja tu, jinsi neno lile lilivyomuuma yeye. Alipanga kupiga debe asubuhi. Mtembea tuta wa miaka thelathini, aliyejua kuliko sisi sote kwamba ufa haungoji asubuhi.

Alfajiri alilipiga. Tulitoka watu tisini. Lakini mlango ulikuwa umekuwa uwanja, na kila bonge tulilotupa lililiwa kama sukari. Hasuram tulimkuta amekaa juu ya tuta, koleo limevunjika mpini, akitazama kijituta cha baba yao kikienda na maji. Tulipigana siku tatu. Siku ya nne tulikuwa tunaangalia tu.

Maji yalifika mpaka nyuma ya hekalu. Mashamba ya waliouza na ya waliokataa yakalala pamoja.

Kampuni haikujenga. Kwanza walisema mwakani, halafu kibali, halafu hawakusema. Kiran hakuvaa viatu vya kituoni. Anaendesha bajaji mjini Panvel. Wanaume wetu wengi walikwenda kupakia malori. Na kwenye mashamba ya mbele, kila bamvua hori lilileta mbegu za mikoko, ndefu kama vidole, zikajichomeka topeni zenyewe bila kuombwa na mtu, zikaota.

Dwarkabai aliendelea kulitembea tuta. Mwezi mwandamo, mwezi mpevu, anatoka alfajiri peku, anafika penye pengo, anasimama. Ng'ambo ya pengo tuta linaendelea, na pembeni kidogo ndipo lilipokuwa shamba lake. Anasimama kadiri ya mtu kutafuna tambuu moja. Kisha anarudi. Watu walimwuliza anatembelea nini, tuta lililovunjika. Alijibu kwamba miguu haijaambiwa.

Na alikuwa na mpunga wake. Mpunga mwekundu wa chumvi, ule wa babu zetu, ndio pekee unaokubali kuota kwenye udongo uliolowa bahari. Mbegu yake haina subira. Ukiiweka misimu miwili bila kuipanda, inakufa kimyakimya, huwezi kujua mpaka uimwage na isiote. Mashamba yalipozama kila mtu aliila mbegu yake, tukanunua mchele mweupe dukani. Dwarkabai alibakiza kapu moja. Kila mvua alipanda kipande kama mikeka mitatu nyuma ya nyumba. Na ili mpunga usiisahau chumvi, alikwenda horini na mtungi, akaurudisha kichwani umejaa maji ya bahari, akaumwagilia mpunga.

"Njooni muone!" Ambo alipiga kelele kutoka ukutani kwake. "Shangazi anautia mpunga chumvi ungali shambani! Sasa mchuzi tuutie nini?"

"Utie ulimi wako, ni mrefu, utatosha sufuria nzima."

Anavuna, anachagua punje, anafunga kapu kwa majani makavu, analitundika juu ya meko. Mwaka hadi mwaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuula mpunga ule. Nilimwuliza mara moja anauweka kwa nani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Wa kule," alisema, akainua kidevu upande wa bahari.

Hasuram naye hakuacha. Kila mvua zilipokwisha, alikwenda kwa mtumbwi mpaka kwenye mikoko iliyoota juu ya shamba la baba yao, akatega wavu, na jitada wa kwanza akamweka juu ya kiukuta cha baraza ya dada yake, akaenda zake bila kubisha hodi. Dwarkabai hakumpika. Alimpitisha samaki juu ya ukuta kwa Ambo. Miaka tisa Ambo alikula vizuri, na paka wake alikuwa paka mnene kuliko wote Pandherkhar. Mwanzo Dwarkabai alikuwa na hasira. Hasira iliisha mwaka wa pili au wa tatu. Iliyobaki ni haya, na haya haina siku ya kwisha. Mtu anaweza kuamka nayo, akafagia nayo, akazeeka nayo.

Mwaka wa kumi habari zikaja kwenye simu: mradi umefutwa. Kampuni imejitoa, ardhi inarudi kwenye majina ya wenyewe. Tulipiga fataki, tukagawa peremende za maziwa. Ambo alicheza barabarani, penye lami ileile wanawake walipokaa.

"Shangazi, njoo ucheze! Tumeshinda!"

"Tumeshinda nini?" aliuliza Dwarkabai. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anataka kujua kweli.

Siku hiyo alikwenda kwenye pengo, ingawa haikuwa mwezi mwandamo wala mpevu.

Wiki chache baadaye alikuja karani wa wilaya, kijana mpole mwenye daftari, akatueleza. Mashamba ya nyuma, yaliyo bado uwanda wa chumvi, tunaweza kuyafunga na kulima. Ya mbele hapana. Mikoko haikatwi, ni msitu sasa, una sheria yake.

"Ilikuja kupiga hodi lini hiyo mikoko?" Dwarkabai alimwuliza.

"Mama, msitu haupigi hodi."

Kikao kilikuwa kirefu. Kulikuwa na tuta la ndani, la zamani, limechakaa mpaka magoti, kati ya uwanda na mikoko. Wengine walisema tuliinue hilo: ni karibu, linawezekana. Lakini mashamba manane yangebaki nje daima, na mawili kati ya hayo ni ya watoto wa Gharat, Dwarkabai na Hasuram. Ambo, na hapo alinishangaza, alipinga.

"Shangazi kaubeba mpunga miaka tisa kama mtoto mgongoni. Tuzibe pengo la zamani. Mikoko tutaikata mmoja mmoja, kama mtu anavyong'oa mvi. Karani ataona nini?"

"Ataona kipara," mtu akasema, watu wakacheka. Hawakukubaliana. Mwisho wakasema neno ambalo halikuwa limesemwa kwa miaka kumi: mwenye debe ataweka bonge.

Wote walimgeukia. Dwarkabai akaomba wamwache mpaka maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana.

Asubuhi ya maji mafu alilishusha debe kutoka kwenye nguzo. Hakulipiga. Alilikumbatia mkononi kama kuku, akapita hekaluni, akapita kisimani, akaenda mpaka mlango wa Hasuram, ambao hakuwa ameukanyaga tangu neno lile lisemwe. Sisi tulifuata kwa mbali. Sugandha alitoka, akashika mdomo.

"Wifi, mume wako yupo?"

"Yupo. Anaogopa kutoka."

"Mwambie debe haling'ati."

Hasuram alitokea nyuma ya mkewe. Alikuwa amezeeka, jambo tulilolijua, ila siku ile tuliliona.

"Bai, mimi si wa mstari."

"Nani kasema?"

"Wewe ulisema."

"Basi nilisema vibaya. Nililikalia debe nikijua. Vaa nguo ya tope."

Kisha, palepale mlangoni pake, akalipiga.

Sijawahi kulia kwa kelele ya bati ila siku ile. Nyumba zote zilitoka, za waliouza na za waliokataa, na tulipojipanga hakuna aliyechagua jirani. Hasuram alikuwa wa pili, nyuma ya dada yake. Mimi nilikuwa wa nne. Mtu alikata bonge, likapita, likamfikia Dwarkabai, akalipokea kifuani.

Akatembea nalo. Alifika kwenye tuta la ndani. Akalivuka.

 Aliingia hatua kama kumi, mpaka mizizi ya mikoko ya kwanza ilipomzuia, akasimama hapo akitazama ndani, maji ya tope yakimtiririka viwikoni. Kutoka pale pengo halionekani. Shamba halionekani. Majani tu.

"Bai," Hasuram alisema kwa sauti ya chini, "popote utakapoliweka."

Alisimama kadiri ya mtu kutafuna tambuu moja. Kisha akarudi, akapiga magoti juu ya tuta la ndani, akaliweka bonge, akalikandamiza kwa mguu wa kulia, kwa kidole kile kilichopinda. Akanyoosha mikono nyuma bila kugeuka, apokee la pili.

Maji mafu manane tulifanya kazi, tangu Februari hadi Mei. Mvua ziliposafisha kidogo uwanda, alilishusha kapu kutoka juu ya meko. Mbegu ilitosha shamba moja tu mwaka wa kwanza. Alimpa Ambo.

"Mimi?" Ambo alikosa la kusema, na hiyo peke yake ilikuwa habari. "Mimi niliyekula samaki wako miaka tisa?"

"Ndiyo. Umeshanenepa. Lima."

Mpunga uliota. Mwezi wa Novemba lilikuwa shamba moja jekundu katikati ya uwanda mweupe wa chumvi, na watu walikwenda kulitazama kama wanavyokwenda kutazama bibi harusi. Mbegu ya mwaka kesho itatosha mashamba kumi na mawili.

Hasuram alileta jitada. Safari hii alibisha hodi. Dwarkabai alimpika kwa pilipili na tunda chachu la kokum, akawaita wote, mdogo wake, wifi, Ambo, nami nikajialika. Wali ulikuwa wa mpunga mpya. Alionja, akatafuna muda mrefu, tukimtazama.

"Ukoje, Bai?" aliuliza Hasuram.

"Mzuri." Akameza. "Si wa kule."

Ambo alifungua mdomo, Sugandha akamkanyaga mguu.

"Samaki ndiye wa kule," Hasuram alisema.

"Najua. Nimemtambua." Alichomoa mwiba, akauweka pembeni ya sinia. "Kesho maji yakitoka, unipeleke."

"Wapi?"

"Shambani."

"Bai, kule kuna mikoko tu."

"Unipeleke."

Asubuhi nilikuwa juu ya tuta la ndani nikitafuta mashimo ya kaa, kwa sababu siku hizi Dwarkabai ananifundisha. Niliwaona wakishuka upande wa bahari. Upande huo mikoko ni michanga na imeachana, mtu anaonekana mpaka miguu. Dada alitangulia, mdogo wake nyuma, wakizungumza. Sauti zilinifikia lakini si maneno. Tope lilikuwa sawasawa kila upande, bila alama, kama maji yalivyoliacha.

Walifika mahali fulani. Dwarkabai, bila kukatisha alilokuwa anasema, aliinua mguu juu, akavuka kitu kisichokuwepo. Hasuram akafika palepale, naye akainua wake.